Programu Inaposema Haioni Ufunguo: Utatuzi wa Matatizo ya Programu Zinazolindwa kwa Ufunguo wa USB

Mwenye karakana ya kudarizi nembo za sare za shule pale Ngamiani hapa Tanga, mpima ardhi mwenye ofisi Chumbageni na mkata mabango wa Makorora hawafanyi kazi moja, lakini wote watatu huniita kwa lalamiko lile lile: kompyuta imewaka vizuri, programu imeanza kufunguka, kisha kikatokea kidirisha kinachosema kwamba ufunguo haujaonekana, na kazi ikasimama. Karibu kila mara nikifika nakuta programu imeshafutwa na kusakinishwa upya mara mbili au tatu, na mwenyewe ameshaanza kuulizia bei ya ufunguo mpya. Hatua zote mbili ni za mapema mno. Ujumbe ule hutolewa na programu, ambayo ni kiungo cha mwisho katika mnyororo, na programu haijui ni kiungo kipi kilichokatika nyuma yake; inajua tu kwamba iliuliza na haikujibiwa.

Ufunguo wenyewe unafanana na flashi, lakini kazi yake si kutunza faili za mtumiaji bali kuithibitishia programu kwamba mtumiaji ana leseni. Ndani yake mna chipu iliyobeba siri ya hesabu ambayo haisomeki kutoka nje. Katika funguo za aina ya HASP HL, kwa mfano, siri hiyo hutumiwa na mfumo wa usimbaji wa AES wenye biti 128. Programu hutuma swali, chipu hulifanyia hesabu na kurudisha jibu, na programu huendelea ikiwa jibu ni sahihi. Ili swali lifike na jibu lirudi, hupita kwenye huduma ya leseni inayofanya kazi kimya ndani ya Windows, kisha kwenye draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, kisha kwenye tundu la USB, ndipo hufika kwenye chipu. Utatuzi wote unaofuata ni kuutembea mnyororo huo kuanzia upande wa chipu kurudi kwenye programu, kwa sababu upande huo ndio unaoweza kuonekana kwa macho.

Usakinishaji wenyewe

Matatizo mengi ninayoitiwa yalizaliwa siku ya kwanza, mtu alipochomeka ufunguo kabla ya kusakinisha chochote. Kwa funguo za zamani, Windows ikikutana na kifaa isichokijua hujitafutia draiva yenyewe, na ikikosa hukiandika kuwa kifaa kisichojulikana, kisha huendelea kukikumbuka hivyo hata draiva sahihi ikiletwa baadaye. Kwa hiyo ufunguo ukae mezani kwanza. Ingia kwenye kompyuta kwa akaunti ya msimamizi, sakinisha draiva pamoja na huduma ya leseni zilizoletwa na programu, au bora zaidi toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji wa ufunguo, ndipo usakinishe programu yenyewe. Baada ya hapo iagize kompyuta ijiwashe upya, na ikitulia chomeka ufunguo na usubiri taa yake iwake bila kupepesa kabla ya kufungua programu. Funguo mpya zaidi hujitambulisha kwa Windows kama kifaa cha kawaida cha jamii ya kibodi na kipanya, kwa hiyo hazihitaji draiva ya pekee, lakini utaratibu huu hauzidhuru, nami huufuata kwa zote.

Kuhusu majina pana mkanganyiko ambao umenipotezea saa nyingi, na afadhali usikupotezee wewe. Funguo za HASP zilianzia kwa kampuni ya Aladdin ya Israeli, ambayo ilinunuliwa mwaka 2009 na Vector Capital, mmiliki wa SafeNet, kisha ikaunganishwa na SafeNet. SafeNet nayo ikachukuliwa na Gemalto mwaka 2015, na Gemalto ikaingia mikononi mwa Thales ya Ufaransa mwaka 2019. Ufunguo uleule kwa hiyo unaweza kuandikwa jina lolote kati ya hayo manne, na draiva yake leo hutafutwa kwa Thales chini ya jina la Sentinel. Tatizo ni kwamba jina Sentinel lilikuwa pia la ukoo mwingine kabisa wa funguo, zile za SuperPro na UltraPro zilizotoka kampuni ya Rainbow, na ukoo huo una draiva yake ya pekee. Mtu akisakinisha draiva ya HASP kwa ufunguo wa SuperPro atahangaika mpaka jioni bila kuona kosa lolote la wazi. Soma maandishi yaliyo juu ya ufunguo kwanza, hata kama yamefifia kiasi cha kuhitaji tochi ya simu.

Taa haiwaki, au Windows inasema kifaa hakikutambuliwa

Hapa usiguse programu kabisa. Chomoa ufunguo, uchomeke kwenye tundu lingine lililo nyuma ya kompyuta, moja kwa moja kwenye ubao mama, bila habu (kile kigawanyio cha matundu ya USB) na bila waya wa kurefusha. Ikiwa ufunguo ni wa zamani, pendelea tundu jeusi la USB 2.0 kuliko lile la buluu la USB 3.0, kwa kuwa nimekutana na funguo kadhaa zinazokataa la buluu na kukubali jeusi palepale. Halafu ijaribu kompyuta nyingine. Ufunguo ambao haujitambulishi kwenye kompyuta mbili tofauti, zote zikiwa na draiva sahihi, una hitilafu yake wenyewe. Unaojitambulisha kwenye nyingine umeshakuambia kwamba wenye kasoro ni kompyuta.

Kabla ya kuuhukumu, utazame mdomo wake kwa karibu. Sisi wa pwani tunaishi na hewa ya chumvi, na karakana yenye madirisha yanayoelekea baharini hupokea unyevu huo mchana na usiku, hasa wakati wa masika. Ndani ya mdomo wa USB mna vijisahani vinne vya chuma. Viwili vya pembeni, ambavyo ni virefu kidogo, hupitisha umeme. Viwili vya katikati hupitisha mawasiliano. Mwaka jana niliushika ufunguo wa fundi mmoja wa kudarizi ambao ulikuwa ukipata umeme lakini Windows ikasisitiza kwamba kifaa hakitambuliki, na nilipoutazama kwa kioo cha kukuzia niliona vijisahani vya pembeni vinang'aa, ilhali vya katikati vimevaa ukoga wa kijani, na juu ya ukoga huo umeganda unyoya wa uzi mwekundu kutoka kwenye mashine. Umeme ulikuwa ukipita na maneno hayapiti. Pamba ya kijiti iliyoloweshwa spiriti ya isopropili, ikapitishwa taratibu kuelekea nje, ikatoka ya kijani mara tatu, na ya nne ikatoka nyeupe. Nikauacha ukauke, nikalisafisha na tundu la kompyuta kwa namna hiyohiyo, umeme ukiwa umezimwa, na ufunguo ule bado unafanya kazi. Usitumie msasa, wala ncha ya kisu: dhahabu iliyopakwa juu ya vijisahani ni nyembamba mno, na ikishakwanguka kutu itarudi upesi kuliko mwanzo.

Taa inawaka lakini programu inatoa kosa namba 7

Kosa namba 7, ambalo mara nyingi huandikwa H0007 katika ukoo wa HASP, lina maana kwamba programu haikuupata ufunguo inaoutafuta. Zingatia neno hilo, inaoutafuta. Fungua kivinjari chochote kwenye kompyuta hiyo na uandike localhost:1947 mahali pa anwani. Utafunguka ukurasa wa huduma ya leseni yenyewe, ambao hauhitaji intaneti kwa kuwa unatoka ndani ya kompyuta yako. Upande wa kushoto bofya mahali palipoandikwa “Sentinel Keys”, na hapo utaona orodha ya funguo zote ambazo huduma inaziona kwa wakati huo.

Ukurasa huu ndio unaogawa njia mbili. Ufunguo usipokuwamo kwenye orodha, tatizo liko nyuma, kwenye draiva au tundu, na kufuta programu na kuisakinisha upya hakutasaidia lolote. Ufunguo ukiwamo na programu bado inalia, basi mnyororo mzima hadi kwenye huduma ni mzima, na linalobaki ni kuangalia kama huo ndio ufunguo wa programu hiyo. Kila mtengenezaji wa programu hupewa msimbo wake ndani ya funguo anazouza, na ufunguo wa programu ya kudarizi hauwezi kuijibu programu ya kuchora majengo hata kama kwa umbo hauna tofauti nao. Katika ofisi yenye funguo mbili au tatu zisizoandikwa kitu, kuchanganya ni jambo la kawaida sana. Kipande cha plasta na kalamu ya wino mzito humaliza suala hilo. Ikiwa ufunguo ni wenyewe lakini kosa ni namba 31, ufunguo umeonekana ila leseni ya sehemu hiyo ya programu haimo ndani yake, jambo ambalo hutokea mtu anapoweka toleo jipya la programu bila kusasisha ufunguo kulingana nalo.

Usasishaji wa aina hiyo hufanywa kwa kubadilishana faili mbili. Faili ya C2V hutolewa kwenye ufunguo wako na kutumwa kwa muuzaji ikieleza hali ya ufunguo. Naye hurudisha faili ya V2C, ambayo huingizwa kwenye ufunguo kupitia ukurasa ule ule au programu ndogo aliyoileta. Faili ya V2C imetengenezwa kwa ufunguo mmoja na kwa hali moja, kwa hiyo haitaingia kwenye ufunguo wa jirani, na zikitumwa mbili ziingizwe kwa mpangilio zilivyotoka. Hakikisha umeme hautakatika katikati ya zoezi hilo. Mimi hulifanya kwenye laptop yenye betri iliyojaa.

Ukurasa wa 1947 haufunguki, au kosa ni namba 33

Hapa huduma ya leseni yenyewe imelala. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, kisha utafute kwenye orodha huduma ambayo jina lake linaanza na Sentinel LDK, au HASP kwa matoleo ya zamani. Ikiwa imesimama, ianzishe, na uiweke katika hali ya kujianzisha kila kompyuta inapowaka. Ikigoma kuanza, mshukiwa wa kwanza ni programu ya kinga dhidi ya virusi, ambayo imelifungia faili la huduma hiyo, hasplms.exe; tazama kwenye karantini yake, ulirudishe na uliweke katika orodha ya yanayoruhusiwa. Fanya hivyo kwa faili lililotoka kwa mtengenezaji tu. Nimeshakuta kompyuta ambako mtu alipakua kiigizaji cha ufunguo kutoka mahali pasipojulikana ili akwepe tatizo hili, na ile kinga iliyokuwa ikipiga kelele ilikuwa na haki kabisa: alipoteza michoro yake yote.

Ikishindikana, ondoa huduma na draiva kabisa na uanze upya. Chomoa ufunguo, fungua kidirisha cha amri kwa haki za msimamizi, nenda kwenye folda yenye kisakinishi na uandike haspdinst -fr -kp -purge, ambayo huondoa kwa nguvu mabaki yote pamoja na ya matoleo ya nyuma. Iwashe kompyuta upya, kisha uandike haspdinst -i kwa toleo jipya.

Neno “washa upya” nalitumia kwa makusudi. Tangu Windows 8, kuzima kompyuta na kuiwasha si sawa na kuiagiza ijiwashe upya, kwa kuwa ikizimwa huhifadhi sehemu ya kumbukumbu yake ili iwake haraka asubuhi, na draiva iliyoharibika huamka pamoja nayo vilevile ilivyolala. Wateja wengi huniapia kwamba wameshazima na kuwasha mara kumi, na wanasema kweli.

Jana ilifanya kazi, leo baada ya sasisho la Windows haifanyi

Windows za biti 64 hukataa draiva isiyokuwa na saini ya kidijitali inayotambulika, na matoleo ya karibuni yameongeza ulinzi wa kumbukumbu unaozuia draiva za zamani hata zikiwa na saini. Ulinzi huo unapowashwa, draiva ya zamani ya HASP iitwayo hardlock.sys huwa miongoni mwa zinazotajwa kuwa haziendani nao. Wapo mafundi wanaouzima ulinzi wenyewe ili programu ifunguke. Sikubaliani nao, kwa sababu wanaacha mlango mkubwa wazi kwa ajili ya ufunguo mdogo, ilhali draiva mpya ya ukoo huo hukubaliwa na ulinzi bila matatizo. Ondoa ya zamani kwa amri niliyoitaja, weka mpya, na ulinzi ubaki ulivyo.

Programu inafunguka kisha inakatika katikati ya kazi

Programu nyingi huuliza ufunguo si mara moja tu bali kila baada ya muda, kwa hiyo mguso uliolegea unaweza kukutupa nje ukiwa umebakiza nusu ya nembo. Sababu ninayoikuta zaidi ni habu isiyo na umeme wake. Tundu la USB 2.0 hutoa milliampia 500, na la USB 3.0 hutoa 900. Habu hugawana kiasi hicho kwa vyote vilivyochomekwa, na ofisini kwetu vilivyochomekwa ni ufunguo, modemu, kipanya, na simu ya mgeni aliyeomba chaji. Simu ikivuta, ufunguo unazimia kwa nukta moja, na nukta hiyo inatosha. Ondoa simu.

Sababu ya pili ni Windows kuyalaza matundu ya USB ili kuokoa umeme. Andika devmgmt.msc kwenye kidirisha kile cha kitufe cha Windows na R, fungua kundi la USB, ingia kwenye sifa za kila habu kuu, na kwenye ukurasa wa umeme uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho. Kwenye laptop hatua hii peke yake imenimalizia kesi nyingi.

Inasema muda wa leseni umekwisha, nawe unajua haujaisha

Tazama saa ya kompyuta kabla ya kumpigia muuzaji. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya CR2032 imekufa hutunza tarehe maadamu iko kwenye umeme, lakini umeme ukikatika usiku huamka ikiwa imerudi miaka nyuma. Leseni yenye ukomo huyatazama mabadiliko hayo kama jaribio la kuidanganya, na hukataa. Badilisha betri, weka tarehe na saa sahihi, kisha jaribu tena. Zipo funguo zenye saa yake ndani, na hizo hazidanganywi na saa ya kompyuta, ila betri yake nayo ina mwisho, na ikifika hapo ufunguo hurudi kwa muuzaji. Kosa namba 41 likiendelea tarehe ikiwa sahihi, leseni imekwisha kweli.

Ufunguo mmoja kwa kompyuta kadhaa

Ofisi za upimaji hupenda ufunguo wa mtandao, unaochomekwa kwenye seva na kutumiwa na wote. Kompyuta za wengine zisipouona, hakikisha kwanza kwamba seva yenyewe inauona, halafu uruhusu poti (mlango wa mawasiliano) namba 1947 kwenye faiawoli, yaani ukuta wa kinga, ya seva, kwa aina zote mbili za mawasiliano, TCP na UDP. Funguo za CodeMeter kutoka Wibu-Systems ya Ujerumani hutumia poti namba 22350. Kwa funguo za HASP, kompyuta zikiwa kwenye vyumba vyenye ruta tofauti, kujitafuta kwa kawaida hakuvuki ruta, kwa hiyo kwenye kila kompyuta ingia ukurasa wa 1947, sehemu ya mipangilio, na uandike anwani ya IP ya seva kwa mkono. Seva nayo ipewe anwani isiyobadilika. Kosa namba 38 lina maana kwamba nafasi zote zimejaa. Mara nyingi mmoja ameenda kula mchana na kuiacha programu wazi.

CodeMeter ina tatizo lake la pekee: baadhi ya funguo zake hujitambulisha kama diski ya flashi, kwa hiyo ofisi iliyopiga marufuku flashi kwenye kompyuta zake huwa imeuzuia na ufunguo bila kujua. Anayesimamia kompyuta hizo auruhusu ufunguo huo kwa namba yake.

Inakataa ukiingia kwa mbali

Ukiingia kwenye kompyuta ya ofisi kutoka nyumbani kwa njia ya Windows yenyewe (Remote Desktop) na ukapata kosa namba 27, hakuna kilichoharibika. Leseni ya mtumiaji mmoja hukataa kwa makusudi kutumika kupitia njia hiyo, kwa sababu njia hiyo inaweza kuwagawia watu wengi. Programu kama AnyDesk au TeamViewer huonyesha skrini ileile iliyoko mezani, kwa hiyo kwa kawaida haziligusi katazo hilo. Soma kwanza mkataba wa leseni yako unasemaje.

Ufunguo uliovunjika na uliopotea

Haya ni mambo mawili tofauti kwa muuzaji, hata kama kwako hasara ni moja. Ufunguo uliopinda mdomo au kupasuka ganda kwa kawaida hubadilishwa ukirudishwa, kwa malipo madogo kuliko bei ya programu, maadamu vipande vyake vinaonekana. Uliopotea wauzaji wengi huuhesabu kama programu iliyopotea, nao hudai bei nzima, kwa kuwa hawana namna ya kujua kama hautumiki kwingine. Usiutupe hata uliopondeka. Uweke kwenye bahasha pamoja na namba yake na risiti. Na kwa kuwa funguo nyingi hupindwa na goti la anayeinuka kwenye kiti, uchomeke nyuma ya kompyuta, au tumia waya mfupi wa kurefusha ulio imara, usiozidi mita 1 au 2, ufunguo ukalala juu ya meza mbali na pindo la kitambaa na kikombe cha chai.